Kaseti Iliyong'olewa Meno

Enzi zetu, wenzangu mliokulia Kitengela ikiwa bado ni vumbi na nyumbu, ukitaka kwenda kusikiliza bendi ulihitaji kitu kimoja tu: kiti. Bendi zetu zilipiga nyuma ya bucha, kwenye uwanja wa shule, ndani ya kanisa ambalo halijaezekwa, na popote palipopatikana soketi inayofanya kazi. Viti havikuwepo. Jumamosi mchana ungetuona barabarani, kila mtu na stuli yake kichwani, na watu wasiotujua wakituuliza tunahamia wapi. Mama yangu hakupenda mambo hayo hata kidogo. Alikuwa akisimama mlangoni na kuniambia, "Wanjiru, hicho kiti kikirudi na mguu mmoja, utakalia huo mmoja mpaka uolewe."

Siku hizi ukienda kwenye shoo pale mjini unafungwa kitambaa mkononi kama mgonjwa wa kulazwa, kisha unasimama saa nne nzima ukitazama migongo ya vijana walioinua simu. Wamekuja kumwona mwanamuziki, halafu wanamwangalia kwenye kioo cha ukubwa wa mandazi. Nimewahi kumuuliza mpwa wangu kama huwa anarudi kuzitazama hizo video. Alinitazama kwa huruma, akasema, "Auntie, nizitazame za nini na ziko tu?"

Ziko tu. Aliyasema hayo akitafuna chipsi. Nilikuwa na la kumwambia, ila halikuwa la kusemwa mbele ya chipsi.

Bendi yetu iliitwa Mawe Tano. Walikuwa vijana wanne na msichana mmoja waliofanyia mazoezi kwenye machimbo ya mawe, na jina wakalitoa huko. Mwalimu wetu wa Kiswahili aliteseka sana na jina hilo. "Ni Mawe Matano!" alikuwa akipiga kelele. "Ngeli, nyinyi watu, ngeli!" Wakamjibu kwamba jina limeshaandikwa kwenye ngoma na rangi imeisha. Hawakuwahi kuingia studio. Hakuna redio iliyowapiga. Gita la Mwangi, mmoja wa wale vijana wanne, lilikuwa la mbao za sanduku na uzi wake mmoja ulikuwa waya wa breki ya baiskeli. Lakini sisi tuliwafuata Ngong, tukawafuata Kajiado mjini, tukasimama kwenye jua tukiimba nyimbo ambazo nje ya watu mia hivi hakuna aliyezijua duniani.

Msichana wao ndiye aliyekuwa mwimbaji. Aliitwa Naisiae, na nilikuwa nikikaa naye dawati moja. Kwao ni Bissil, ila aliletwa Kitengela kwa shangazi yake ili asome. Darasani alikuwa mpole mpaka walimu wakasahau kumuuliza maswali. Akishika maikrofoni, wanaume waliokuwa wakibishana bei ya mbuzi walikuwa wanaacha kubishana. Sijui niseme vipi zaidi ya hapo.

Shoo ninayotaka kuwaambia ni ile ya Bissil, siku ya soko. Tulikwenda na lori lililokuwa likirudi kuchukua mbuzi, viti vyetu vimefungwa kwa kamba nyuma, sisi tukinuka vile lori hilo lilivyonuka. Mzee Abdi, mwenye duka la jumla pale, alitupa umeme kutoka dukani kwake kwa sharti moja, kwamba ikifika saa ya swala bendi inyamaze. Ikafika, ikanyamaza, akaswali, akarudi kusimama mbele kabisa. Kabla ya kuimba Naisiae alishuka, akapita kwa wazee waliokuwa wameketi, akainamisha kichwa kwa kila mmoja mpaka akaguswa utosini, kama mtoto yeyote wa kule anavyosalimia. Mwangi alikuwa amekwisha kuanza gita. Ilibidi azungushe sehemu ileile mpaka wazee waishe.

Nilikuwa nimeiba redio kaseti ya baba. Niliiweka juu ya kiti changu, karibu na spika, na mimi nikasimama. Wimbo wa kwanza alioimba alikuwa ameutunga mwenyewe, nusu Kimaa na nusu Kiswahili, na ulikuwa wa mama yake, yieyo kama wanavyoita kwao. Mama mwenyewe hakuwepo. Alikuwa upande wa pili wa soko na maziwa ya kuuza, na maziwa hayangoji wimbo uishe.

Tulipokuwa tukirudi, tuliing'oa kaseti meno. Wa enzi zetu mnajua: vile vijino viwili vya plastiki juu ya kaseti, ukiving'oa hakuna anayeweza kurekodi juu yake tena. Naisiae aliving'oa kwa kijiko, akanipa.

"Uichunge, Wanjiru. Yieyo hajasikia hiyo song. Nikifunga shule nitakuja kuichukua, nimpelekee."

"Iko salama," nikamwambia.

Sasa nieleze ujinga wangu. Mnakumbuka salamu za redio? Kadi unanunua, unaandika majina ya watu wako, unaituma kwa posta, kisha unakaa wiki nzima na sikio kwenye redio ukingoja mtangazaji akusome. Kusomwa jina lako redioni kulikuwa kukubwa kuliko kushinda mtihani. Nilikuwa nimetuma kadi nyingi na sikuwa nimesomwa hata moja. Jioni moja mtangazaji akasema, tukirudi kutoka kwenye matangazo ya biashara tutakuwa na kadi kutoka Kitengela. Nilijua ni yangu. Nilishika kaseti ya kwanza niliyoiona, na ilikuwa ile. Nikajiambia nitarekodi upande wa pili, ambao hauna kitu. Maandishi ya kalamu yalikuwa yamefutika kwa kushikwashikwa, nikakisia. Na kwa sababu haina meno, nikafanya kile ambacho sote tulijua kufanya: nikatafuna kipande cha karatasi na kukisokota kwenye tundu. Nikabonyeza vitufe viwili pamoja.

Nilisomwa. Nilitoka mbio kuwaambia majirani, plot nzima, nyumba kwa nyumba, na redio ikabaki ikirekodi hadi kaseti ikasimama yenyewe mwishoni. Nikairudisha kwenye boksi lake. Sikuisikiliza hata siku moja. Nilikuwa na hakika.

Desemba hiyo shule zilifungwa na lori la Bissil likaondoka mapema kuliko tulivyodhani. Naisiae alitumana kwamba ataichukua Januari. Huko nyumbani akashikwa na homa iliyoingia kifuani, akapelekwa hospitali Kajiado, na wakati habari inafika Kitengela walikuwa wameshamzika. Hatukuwa na simu. Nilijua amekufa kwa kuona dawati likiwa na nafasi ya mtu mmoja, na mwalimu akikwepa kuniangalia.

Mama yake alikuja nyumbani kwetu mwezi wa pili. Mama yangu alimpa chai, na maneno yao yakaishia kwenye salamu, kwa sababu Kiswahili cha wote wawili kilikuwa cha kuombea na kuuzia tu. Kwao mtu akifa, jina lake halitajwi tena nyumbani. Kwa hiyo hakulitaja.

"Mimi nasikia uko na sauti ya mtoto," aliniambia. "Ile ya Bissil. Nimekuja nisikie kidogo, niende."

Nilikimbia kuileta. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilifurahi kwamba kuna kitu ninachoweza kumpa. Niliirudisha kaseti mwanzo, nikamsogezea redio karibu. Tukasikia gita la Mwangi likizunguka palepale, na mtu akikohoa. Mama yule akainama mbele. Halafu kaseti ikakwaruza, na sauti nzito ya mwanamume, sauti iliyopakwa mafuta, ikasema:

"Ni Wanjiru wa Kitengela. Anawasalimu wazazi wake, anawasalimu wanafunzi wenzake wote, na salamu za pekee zimwendee rafiki yake Naisiae wa Bissil. Naisiae, popote pale ulipo, Wanjiru anasema mzidi kukumbukana."

Hakuna aliyekuwa amelitamka jina hilo mbele yake tangu mazishi. Alishika shanga za shingoni kwa mikono miwili.

"Huyo ni nani?" akauliza.

"Ni redio, yieyo."

"Anajua yeye wapi?"

 Nilibonyeza kwenda mbele: salamu za Nyeri, salamu za Kisumu, tangazo la sabuni. Nikageuza upande wa pili. Ulikuwa mtupu, ule mvumo tu wa kaseti isiyo na kitu, nao tukausikiliza wote watatu mpaka mwisho kwa sababu hakuna aliyethubutu kuuzima. Kisha mama yule akainuka, akaniwekea mkono kichwani.

"Ashe oleng, mtoto wangu," alisema. Alinishukuru. Angenipiga ningepona.

Mwangi alihama, wengine wakatawanyika, na nyimbo za Mawe Tano hazimo popote. Nimewahi kuwauliza wale tuliobeba viti pamoja. Mmoja anakumbuka lori, mwingine Mzee Abdi. Wimbo ule wa mama hakuna anayeukumbuka hata mstari. Mama mwenyewe alifariki miaka michache baadaye bila kuusikia, na kwa heshima ya kwao, yeye angalau sitamtaja jina.

Mpwa wangu ana video elfu moja ambazo hatazitazama, na mimi humchekea hapo sebuleni kama shangazi yeyote. Lakini wakati mwingine, shoo ikiendelea, hufumba macho na kujaribu kumsikia Naisiae. Nalazimisha kabisa. Anayekuja kila mara ni yule mtangazaji, neno kwa neno, na pumzi zake. Yeye sijamsahau hata kidogo.