Darasa la Ghorofa ya Nne

Saa mbili asubuhi, mwanamke anapanda ngazi za jengo linaloendelea kujengwa, ndoo ya maji kichwani. Akifika ghorofa ya nne, hata kabla ya kuitua, anaitafuta kwa macho nguzo ya katikati. Binti yake ameketi hapo na simu.

"Hujasogea?"

"Sijasogea, mama. Mwalimu ameshaanza."

Mafundi humwita mwanamke huyu Mama Zege, kwa kuwa ndiye anayebeba maji ya kuchanganyia zege. Tangu mafuriko yabomoe madarasa ya shule ya bintiye, masomo yamehamia mtandaoni. Nyumbani kwao, bondeni, mtandao haushiki. Huku juu unashika, na msimamizi wa ujenzi alikubali kwa shingo upande mtoto asomee hapa.

"Karibu nusu ya ujira wangu wa siku inaishia kwenye bando," anasema. "Kwa hilo silalamiki. Ninachoogopa ni ukingo ule wa sakafu, hauna ukuta."

Wiki iliyopita, katikati ya hesabu, sauti ya mwalimu ilianza kukatika. Binti akainuka, akawa anarudi nyuma akitafuta mtandao, macho kwenye kioo cha simu. Mama alipotokea ngazini, visigino vya mtoto vilikuwa vimekaribia mwisho wa sakafu. Chini, nondo zimesimama wima.

"Nilitaka kupiga kelele, nikajiambia, nikimshtua amekwenda. Nikamwita taratibu, kama ninayemtuma chumvi: 'Mwanangu, hebu njoo unishikie ndoo.'"

Binti akaja. Mama akamkamata mkono, ndoo ikaanguka, akakaa chini kwenye maji yaliyokuwa yakimwagika.

"Nilidhani amekasirika," anasema binti. "Kumbe ameogopa. Hakuniachia mkono mpaka somo likaisha."

Msimamizi alitaka mtoto aondoke siku ileile. Mama alimbembeleza mpaka akaruhusu mbao zipigiliwe ukingoni. Hata hivyo, moyo haujatulia. Kitu kikianguka tu, hata koleo, Mama Zege huacha kazi na kukimbilia juu.

"Wenzangu wananicheka. Wacheke tu, mtoto ni wangu."

Sasa yeye na akina mama wenzake wa bondeni wanataka kuomba ukumbi wa mtaa, ulioko mlimani ambako mtandao unashika, watoto wasomee humo na wazazi wachangie bando. Mwenyekiti amewaita Jumatatu.

"Nitakwenda na nguo hizihizi za zege," anasema, akiinua ndoo tupu. "Akikataa, mtoto atarudi huku juu. Kumwachisha masomo siwezi. Na kuzoea kumwona huku, pia siwezi."