Mlango Uliopigwa Misumari

Kila Ramadhani, alasiri ikielekea magharibi, nyumba yetu ya mtaa wa Kuze ilijaa harufu ya mbaazi za nazi ambazo hatukuzionja. Zilipikwa upande wa pili wa mlango uliopigwa misumari, kwa Bi Rukia, mdogo wake bibi yangu. Nyumba ilikuwa moja, ya mama yao. Ugomvi ndio ulioigawa. Wao walibaki na baraza na hewa ya mtaani, sisi tukabaki na kisima na vyumba visivyo na dirisha. Miaka hiyo ya tisini nilikuwa na umri wa miaka tisa, na nilijiona nimefungwa jela kwa kosa la watu wengine. Mimi na Saumu, mjukuu wa Bi Rukia, tulikaa mkeka mmoja madrasa, lakini tukifika nyumbani tulikuwa hatujuani. Mama alisema sababu ya ugomvi ni kisima. Mjomba alisema ni baraza. Alasiri moja nilichoka, nikaanza kuuchokonoa msumari kwa kijiko. Bibi akanikuta. Nilingoja kofi, lakini yeye aliketi sakafuni.

"Mamangu alipokufa mie nilikuwa Voi," alisema. "Nikatuma neno, ningojeni. Nafika Makupa, mjini sijaingia, naambiwa washazika. Rukia kamuosha bila mie, ati maiti haicheleweshwi. Mtoto wa kwanza mie, sikummiminia mamangu hata kata moja ya maji."

"Basi mwambie, Bibi."

"Ajua," akasema, akaninyang'anya kijiko.

Bibi alikufa nikiwa mtu mzima, na katika nyumba ile mimi peke yangu ndiye niliyeambiwa sababu hiyo. Waoshaji waliniuliza kama kuna wa kungojwa. Wakati huohuo Bi Rukia alikuwa akiugonga ule mlango, akiniita kwa jina langu, maana miguu ilikuwa haimwezeshi tena kuzunguka kwa njia ya nyuma. Nyundo ya kung'olea misumari ilikuwa jikoni. Nikasema maiti haicheleweshwi, tuanze. Niliyasema hayo kwa hasira ya Bibi, na sijui ilikuwa yangu tangu lini. Nimejuta, na bado sijaweza kwenda kumwomba radhi.

Siku hizi mimi ndiye mwenye nyumba upande huu. Kisima kimekauka miaka mingi, na baraza lao limebomoka. Ramadhani iliyopita, harufu ya mbaazi ilipoingia, binti yangu wa miaka tisa aliniuliza kwa nini hatusemezani na watu wa kule. Nikautazama mlango.

Nikamwambia ni kisima.