Nilivyoiokoa Konseto

Duka langu la redio hapa Kamembe nimelijenga kwa mikono hii, si kwa diploma. Lakini fundi wangu akichoma kolofani, ule utomvu mkavu wa msonobari, ili risasi ya kulehemia ishike waya, moshi wake unanirudisha ukumbi wa parokia. Utomvu uleule tulikuwa tunaupaka kwenye pinde za violini.

Siku ya konseto ya piano, muziki ambao piano na orkestra hupokezana, wazazi walijaa mabenchi. Zamu ya piano ilipofika, orkestra yetu ya watoto ikanyamaza, na mwalimu wetu, tuliyemwita Maman, akacheza peke yake, akapanda na kushuka mpaka shingo ikanisisimka. Mwishoni vidole vyake viwili vikatetemeka kwa kupokezana juu ya sauti mbili. Ndiyo ilikuwa ishara yetu ya kuingia; bila sisi asingeweza kuacha.

Hakuna aliyeingia. Wote walikuwa wanasikiliza, midomo wazi, pinde magotini. Vidole vinatetemeka tu, jasho linamtoka, macho kwetu. Piano nzima ile inaningoja mimi! Nikavuta upinde kwa nguvu, wenzangu wakashtuka, wakanifuata.

Baadaye Maman akaniuliza, "Benzako bote balibebwa na muziki. Weye haukusikia utamu yake?"

"Nilisikia, Maman. Lakini ilifaa muntu mumoja akutoe pale."

Akacheka mpaka akaegemea piano.