Kalikiti ya Otieno

Enzi zetu pale mtaani Migosi, kijana hakuhesabika kijana mpaka kichwa kichuruzike mafuta. Kalikiti ilikuwa imeingia mjini, zile nywele za mawimbi yanayong'aa, na kaka yangu Otieno, wa kidato cha tatu, akaitia likizo moja. Dawa yake ilinuka kama yai bovu. Foronya zikawa njano, na vitambaa vya viti alivyofuma Mama vikapata madoa yaliyoshinda sabuni ya kipande.

Baba, karani wa reli, akashusha gazeti. "Hii ni ya nini?"

Otieno akajibu kisomi. Mwalimu wa bayolojia alikuwa amewafundisha kwamba paka mdogo akicheza na uzi anajifunza kukamata panya, na jogoo akiringa na manyoya anatafuta mke. "Kwa hivyo, Baba, mitindo ni maumbile. Inasaidia kizazi kisiishe."

"Jogoo hanunui manyoya dukani," Baba akasema, akarudi kwa gazeti lake.

Sisi wadogo tuliipenda sayansi hiyo. Tukiitwa kuosha vyombo, tulisema tunaruka bladda, ule mchezo wa kamba ya mpira, ili siku moja tumkwepe kiboko wa ziwani. Mama alitufundisha kukwepa mwiko kwanza.

Jumapili moja Otieno alinichukua twende Otonglo kwa kina Achieng', msichana wa kwaya aliyemnyima usingizi. Mvua ikatukuta njiani. Tulipofika, mawimbi yalikuwa yamelala na mafuta yameshuka mpaka kwenye kola ya shati jeupe. Achieng' akamtazama, akacheka hadi akaegemea ukuta. Kisha akaleta taulo, akampangusa kichwa mwenyewe, polepole, na Otieno, mtu wa maneno mengi, akainama tu apanguswe. Mimi nikaenda kuangalia kuku wao, ingawa hakuna aliyeniambia.

Baada ya miaka michache walioana. Sijui kama mke aliletwa na kalikiti au na kuharibika kwake. Baba alisema ni mvua.

Siku hizi vijana wa Migosi hucheza densi peke yao mbele ya simu, na densi yenyewe inazeeka kabla ya wiki kwisha. Labda nao wanatumwa na maumbile. Wakichekwa, wanachekwa na maelfu ya watu wasiowajua, halafu wanajifungia chumbani. Sisi tulichekwa na watu tuliokula nao.