Muache Mutu Amalize Kusema

Nakumbuka jioni moja ya ujana wangu, mwanangu, jioni ya redio. Tulikaa Birere, mutaa wa Goma, mimi, mama na Koko, mama wa papa yangu, mwanamuke wa Butembo aliyeuliza maswali kuliko askari wa mupakani. Papa alikuwa amekwenda Kiwanja, kule Rutshuru, kununua maharagi ya kuuza. Vita ikaingia, barabara ikafungwa nyuma yake, na hatukujua kama yuko hai. Simu hazikuwepo kwetu. Kulikuwa redio tu, na kila jioni ilisoma komunike: fulani anaarifu familia yake kwamba yuko mahali fulani. Ilisomwa mara moja, basi. Ukiikosa, umeikosa.

Mama hakuweza tena kula. Mimi nilitega sikio nikingoja jina moja, la papa. Majina ya wengine yalinichosha, kusema kweli. Lakini Koko! Huyo alisimamisha mutwangio wa sombe, yale majani ya muhogo, akasikiliza kila mutu. "Eh, yule mama wa Rutshuru amepata mutoto wake? Na yule wa jana, wa muguu, alipona?"

Nilimucheka. "Koko, hao si ndugu zetu."

"Unajuaje, na hujawasikiliza?"

Jioni hiyo komunike zilikuwa nyingi. Jina la papa halikuja, na mukono wangu ukaenda kwenye redio kutafuta muziki. Koko akaupiga kofi. "Toa mukono! Mutu anasema, nawe unamukatia? Muache amalize!"

Walikuwa wanasoma salamu za shofere mumoja, Muhindo. Mimi sikumujua. Koko alimujua: asubuhi ile papa anapanda kamyo ya kwenda Kiwanja, alimuuliza shofere jina lake, kwao ni wapi, muke wake anaitwa nani. Ndivyo alivyokuwa. Basi salamu za Muhindo zikaenda weee, kwa mukubwa, kwa mudogo, kwa parokia nzima. Halafu, mwisho kabisa: yeye na wachuuzi wote aliotoka nao Goma wamefika Bunagana, kwenye mupaka wa Uganda, wazima. Mama akakaa chini kwenye mawe, akalia kwa furaha. Mukono wangu ulikuwa bado unauma, nami nikafurahi kwamba unauma.

Sasa ninakutazama wewe na simu yako. Sikugombezi. Hata mimi juzi nilikaa na yangu nikimutazama mutu anayefua mazulia, mpaka sombe ikaungua! Nilishangaa sana. Nikakichunguza kidole changu kama mutu anayemuchunguza mutoto mwizi: kilikuwa kinavuta tu, kabla sijajua ninatafuta nini. Nawe nikikuuliza ile video ya kwanza ya asubuhi ilikuwa ya nani, unacheka. Wazee wetu walisema njia mbili zilimushinda fisi. Na hizi njia za simu, nani atazimaliza?

Wengi watakuambia ujikaze, uizime, uifungie kabatini. Si vibaya. Lakini mimi namuwaza Koko, naona hakujikaza hata siku moja. Alitaka kujua tu. Akili haikai mahali kwa fimbo, mwanangu, inakaa pale inapopenda kujua. Kwa hiyo shika kitu kimoja ukiulize: ni cha nani, kinatoka wapi, kinaishaje? Fanya hivyo kwa kitabu, kwa kazi, na kwa mutu zaidi.

Anza na mama yako aliye mbali. Anakutumia audio ndefu, na najua unasikiliza salamu halafu unaifunga. Mama wa kwetu haanzi na ugonjwa wake. Anaanza na kuku, na jirani, na misa ya juma lililopita. Maumivu anayaweka mwisho, pale karibu na "basi, mwanangu, nisikuchokeshe." Sikiliza mpaka hapo.

Mungu akupe masikio yanayotulia. Na siku nawe utakapokuwa muzee mwenye maneno marefu, akupe mutu wa kukaa karibu nawe mpaka umalize. Amina.