Sanduku la Chanjo, Turubai na Mlango

Safari yangu ya kwanza na pikipiki ya kazi nilifunga mizigo kama mtu anayekwenda kuposa. Godoro la sponji, sufuria, jiko la mafuta, mashuka mawili, mashati matano na begi la vitabu. Juu ya hayo yote nikafunga sanduku la baridi lenye chanjo, ambalo ndilo pekee nililotumwa kulipeleka. Sikufika hata kijiji cha Miti. Kwenye mteremko wenye matope pikipiki ililala ubavu, nami nikalala nayo. Mama mmoja aliyekuwa anapita na kapu la viazi akasimama kunitazama.

"Papa," akasema, "uko unasafiri ao uko unahama?"

Hakucheka, na ndiyo maana niliumia. Vita vya pili vilipoanza, mke wangu alivuka ziwa na watoto wetu wawili kwenda Kigoma, kwa kaka yake. Mimi nilibaki Ibanda, mjini Bukavu, kwa sababu ya kazi ya afya, katika nyumba ya vyumba vinne ambamo nilikuwa natumia kimoja. Asubuhi ile nilikuwa nimezunguka vyumba vyote nikichukua hiki na kile, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kuniambia inatosha.

Barabara ilinifundisha haraka. Barafu ndani ya sanduku ilidumu siku nne, tano ukibahatika, na kila kilo ya ziada ilikuwa inakula muda wa barafu. Jiko likabaki nyumbani, kisha godoro, kisha vitabu. Baada ya miezi michache nilikuwa natoka na turubai moja, blanketi moja, panga, pampu, karanga za kukaanga na ndizi. Vyote nilivifunga kwa kamba za mpira nilizokata kwenye tyubu kuukuu. Soksi kavu nilizitia kifuani, ndani ya shati, kwa sababu mvua ya kule haina adabu.

Mahali pa kulala palinisumbua zaidi. Mwanzoni nilidhani bati ni usalama. Nikalala shuleni, nikalala kanisani, nikalala kwenye vituo vya afya, mpaka nilipoelewa kwamba kila mwenye bunduki naye hupenda bati mvua ikinyesha. Nikaanza kutafuta pahali ambapo hakuna mtu angepatamani: kibanda cha shambani kilichoinama, tanuri la matofali lililoachwa. Niliepuka njiapanda, niliepuka mabonde ambamo maji yangenifuata. Pikipiki niliilaza chini na kuifunika majani ya migomba, kwa maana wao wangeitaka pikipiki, si mimi. Nikawa hodari wa kutoonekana. Mara nyingine nilikaa siku mbili bila kutamka neno, na nilipojaribu kusalimia mtu, sauti ilitoka kama ya mgonjwa.

Katika safari ninayotaka kuisimulia nilikuwa napeleka chanjo ya surua upande wa Bunyakiri. Mfukoni nilikuwa na barua ya mke wangu, iliyofika kwa mkono wa mfanyabiashara mmoja. Aliandika kwamba binti yetu mdogo, wa miaka mitatu, aliugua surua kulekule Kigoma. Amepona, aliandika, ila macho yanamsumbua bado. Nilikuwa nimekaa na barua ile siku tisa. Ofisini sikumwambia mtu. Ningeanzaje? Kazi yangu ilikuwa kuzuia surua kwa watoto wa watu.

Nilivuka msitu, nikaanza kuteremkia kwenye michikichi, na kama saa tisa mchana mbingu ikafunguka. Kulikuwa na shule yenye bati jipya kando ya barabara. Niliipita. Mbele kidogo, nyuma ya kichaka, nikaona kibanda cha kukamulia mawese, hakina kuta, nyasi za paa zimeoza nusu. Nikaingiza pikipiki, nikafunga turubai chini ya sehemu iliyokuwa inavuja, nikaweka sanduku mahali pakavu kuliko pangu.

Sikumsikia mtu akija. Niliona mlango. Mlango wa mbao wenye bawaba zake ulikuwa unakuja wenyewe katikati ya mvua. Ulipokaribia ndipo nikaona miguu chini yake, na uso wa mama mzee, na ukamba wa kitambaa uliopita kwenye paji la uso wake na kuushikilia ule mlango mgongoni.

"Hodi, papa. Uko na nafasi?"

"Karibu, mama. Nafasi iko."

Nikamsaidia kuutua. Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Tukausimamisha upande ambao upepo ulikuwa unaleta mvua, tukaupachika kati ya nguzo na pikipiki, na kibanda kikawa kibanda. Nikampa karanga. Yeye akatoa kipande cha muhogo wa kuchoma, akakikata kwa vidole, akanipa kile kikubwa.

"Ulibeba mulango toka wapi?" nikamuuliza.

"Toka kule tulikimbiliaka. Siku ya kukimbia, bwana yangu alibeba mbuzi, miye nikabeba mulango. Batu bakanicheka. Nikasema, mbuzi itakufa. Lakini nikiacha mulango, basoda ba bunduki batafanya kuni, na siku nikirudi sitakuwa na kintu ya kufunga."

"Na bwana yako?"

"Alibaki kule, ndani ya udongo." Akatafuna kidogo. "Na weye? Bibi yako iko wapi?"

"Iko ku nyumba, ku Bukavu. Ananingojea."

Hivyo ndivyo nilivyozoea kuwajibu watu wa barabarani waliomuulizia mke wangu. Mtu anayengojewa hutafutwa akipotea. Mama yule akautazama mkono wa shati langu, akanyoosha kidole.

"Hii kifungo, hapana mwanamuke alishona. Iko na uzi ya kushona viatu."

Nikakitazama kifungo. Ni kweli, nilikuwa nimekishona mwenyewe, kwa sindano nene, uzi mweusi kwenye shati jeupe. Nikajikuta namweleza kila kitu: Kigoma, vyumba vinne, barua, macho ya mtoto. Nilisema kwa muda mrefu. Mvua ilikuwa inapiga mlango. Yeye hakunipa pole mapema kama watu wafanyavyo ili unyamaze. Nilipomaliza akauliza:

"Ulimujibu bibi yako?"

"Bado."

"Siku tisa?" Akatikisa kichwa. "Iko anafikiri ulisoma ukalala."

Kulipopambazuka mvua ilikuwa imekatika. Kijiji chake kilikuwa njiani kwangu, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Nilitazama ule mlango, nikatazama pikipiki. Nikalifungua blanketi langu lililoloana usiku, nikampa alibebe yeye, na mlango nikaufunga kwa kulala juu ya sanduku na tangi, kwa zile kamba zote za mpira. Haukuruhusu kupanda. Basi tukaenda kwa miguu, mimi nikisukuma, yeye akishika pembe moja ili usinipige kwenye kilima. Nilihesabu saa za barafu kichwani na nikaogopa, lakini sikusimama.

Nyumba yake ilikuwa kuta nne za udongo. Paa hapana. Magugu yalikuwa yamefika kiunoni sebuleni. Fremu ya mlango ilikuwa bado imesimama, na tulipoinua mlango ukaingia mahali pake kwa ugumu, kwa kuwa mbao zilikuwa zimevimba. Mama akaingia ndani. Akaufunga. Mimi nikabaki nje, na juu ya kuta nikaona mbingu ileile iliyokuwa juu yangu. Nikamsikia akianza kung'oa magugu.

"Mama, minaenda," nikasema.

Akafungua kidogo, akanirudishia blanketi.

"Andika ile barua," akasema, akafunga tena.

Chanjo zilifika kituo cha afya zikiwa salama, kipande cha mwisho cha barafu kikiwa kidogo kama kidole. Akina mama walikuwa wamekwisha panga mstari. Nilifanya kazi mpaka jioni, na pale pale kituoni, kwenye meza ya muuguzi, niliandika. Niliandika kwamba ninaogopa, na kwamba nyumba ni kubwa mno.

Jibu lilichukua miezi miwili. Mke wangu alisema barua zangu zote za zamani zilizungumzia kazi na mvua, naye alikwisha kuamini kwamba nimezoea kuwa peke yangu.

Walirudi vita vilipotulia, baada ya mwaka na zaidi. Niliwapokea stendi ya magari yaliyotoka Uvira. Kijana wetu alikuwa amenifikia begani. Binti mdogo alikuwa amevaa miwani iliyofungwa kwa utepe nyuma ya kichwa. Mama yake akamsukuma taratibu mbele yangu.

"Shikamoo," akaniambia, kama huko Kigoma wanavyomwamkia kila mkubwa, hata asiyejulikana.

Bukavu hatusalimiani hivyo. Nikainama nimwone vizuri, nikamwekea miwani sawa.