Pazia la Marlys

Majira yote ya baridi Orville alihangaika na mota ya kumfungulia pazia mkewe, Marlys, aliyekuwa hajiwezi kitandani nyumbani kwao Duluth. Kila mota ilipoanza kuvuta, saketi ya kuiongoza, iliyotumia betri hizohizo, ilizimika. Akipima betri, anakuta nzima.

"Mzee, hata mimi mgonjwa nina nguvu kuliko hiyo mashine yako," Marlys alimtania.

"Nyamaza wewe! Betri ni nzima!"

Wiki moja baada ya mazishi ya Marlys, akapima betri mota ikiwa inavuta. Volti sita zikaporomoka hadi tatu. Kumbe siku zote alizipima betri zikiwa zimepumzika! Akaipa mota betri zake peke yake.

Pazia likafunguka lote. Jua la asubuhi likatua kwenye godoro tupu.

"Haya, sema sasa," Orville akasema. "Nitanie."